Ekuador: Nchi ya Ngazi

Ekuador ni jamhuri iliyoko kaskazini-magharibi mwa Amerika Kusini. Inapakana na Kolombia upande wa kaskazini, Peru upande wa mashariki na kusini, na Bahari ya Pasifiki upande wa magharibi. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 256,000: halifiki nusu ya Kenya, na ni robo na ushei ya Tanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi karibu milioni 17. Mji mkuu ni Quito, bandari kuu ni Guayaquil. Jina la nchi ni neno la Kihispania lenye maana ya ikweta, mstari uleule unaopita Nanyuki na Maseno nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda.

Udogo huo usimdanganye mtu. Ndani ya mipaka hiyo zimeorodheshwa aina zaidi ya 1,600 za ndege, na wale wavumaji wadogo wanaofyonza maji ya maua wakiwa wameelea hewani wana aina zaidi ya 120 peke yao. Watu nao wana sura nyingi. Kihispania kinasikika kila mahali, lakini Kikichwa na Kishuar vinatambuliwa na katiba, na zipo lugha nyingine kadhaa za wenyeji asilia.

Utajiri huu umepangwa kwa ngazi. Unaanza usawa wa bahari, unapanda hadi kwenye theluji ya Milima ya Andes, kisha unashuka upande wa pili hadi kwenye joto la Amazonia. Kila daraja lina mimea yake, wanyama wake, chakula chake na watu wake. Na pale ambapo daraja limesalia zima, mara nyingi wapo watu walioamua kulitunza, na uamuzi huo umewagharimu.

Chanzo cha wingi wa uhai

Sababu ya kwanza ni jua. Kwenye ikweta hakuna majira ya baridi, na urefu wa mchana haubadiliki mwaka mzima, hivyo mimea hukua bila kusimama. Sababu ya pili ni milima. Unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo mwendo wa saa chache kwa basi unampitisha msafiri katika hali za hewa ambazo kwingineko zimetenganishwa na maelfu ya kilomita. Ya tatu ni mabonde. Andes imejigawa katika safu mbili zenye makorongo mengi kati yake, na chura au okidi aliyekwama katika bonde moja kwa vizazi vingi hugeuka taratibu kuwa aina ya pekee. Ya nne ni bahari. Mkondo wa maji baridi wa Humboldt unapanda kutoka kusini, mkondo wa maji ya joto unashuka kutoka Panama, na makutano yao yameipa pwani moja misitu mibichi upande wa kaskazini na ardhi kame upande wa kusini.

Mtu aliyeuchora mpangilio huu akaueleza ulimwengu ni Mjerumani Alexander von Humboldt. Mwezi Juni 1802 alipanda mlima Chimborazo pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland na Carlos Montúfar, kijana wa Quito. Hawakufika kileleni, lakini njiani Humboldt aliandika mmea gani unakoma wapi na upi unaanzia wapi. Mwaka 1807 alichapisha mchoro wa mlima huo ukiwa umekatwa ubavuni, majina ya mimea yameandikwa kwa kufuata mwinuko. Mpandaji wa Kilimanjaro anayepita mashamba ya migomba, kisha msitu, kisha nyasi, kisha jangwa la mawe, anasoma mchoro wa namna hiyohiyo.

Kabla ya Humboldt, ikweta yenyewe ndiyo iliyowavuta wasomi. Mwaka 1736 ujumbe wa Wafaransa, akiwemo Charles Marie de La Condamine, ulifika Quito kupima urefu wa digrii moja ya latitudo. Walisaidiwa na maofisa wawili wa jeshi la majini la Hispania na mwanajiografia wa huko, Pedro Vicente Maldonado. Vipimo vyao, pamoja na vya wenzao waliopelekwa kaskazini ya mbali ya Ulaya, vilithibitisha kwamba dunia imebonyea kwenye ncha na kutuna katikati. Kwa sababu ya mtuno huo, kilele cha Chimborazo chenye mita 6,263 kiko mbali na kiini cha dunia kuliko kilele cha Everest, kwa takriban kilomita mbili.

Nyanda za juu

Quito umejengwa mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, chini ya volkeno Pichincha. Mji wake mkongwe, wenye makanisa yaliyochongwa na mafundi wenyeji chini ya utawala wa Hispania, uliingia katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1978, sambamba na visiwa vya Galapagos vya nchi hiyohiyo. Mji wa Cuenca ulifuata mwaka 1999. Kusini mwa Quito barabara inapita katikati ya milima mingi ya volkeno, maarufu zaidi ikiwa Cotopaxi. Huo una mita 5,897, mbili tu zaidi ya Kilimanjaro, nao bado uko hai.

Juu ya mashamba na chini ya theluji kuna ukanda uitwao paramo, kuanzia karibu mita 3,400. Mgeni huona nyasi, ukungu na upepo tu, akadhani ni ardhi isiyo na faida. Kumbe ndilo tangi la maji la nchi. Udongo wake mweusi umejaa mabaki ya mimea ambayo baridi imeyazuia kuoza, nao hunyonya mvua na ukungu kama sifongo, kisha huyaachia maji kidogo kidogo hadi mitoni. Mwaka 2000 Quito ilianzisha mfuko wa kulinda vyanzo vyake vya maji, unaojulikana kwa kifupi kama FONAG, na shirika la maji la mji huchangia humo sehemu ya mapato yake. Hivyo anayefungua bomba mjini anamsaidia anayelinda nyasi mlimani.

Katika hifadhi ya El Ángel, karibu na mpaka wa Kolombia, mmea wa frailejón umesimama kwa maelfu, shina limevikwa majani makavu na kichwani una shada la majani yenye manyoya. Jina lake limetokana na neno la Kihispania la mtawa, kwa kuwa kwenye ukungu mimea hiyo hufanana na watawa waliotawanyika mlimani. Aliyewahi kuona senesio wakubwa wa Kilimanjaro au wa Mlima Kenya atashtuka kwa mfanano. Mimea hii miwili ni ya jamii moja na alizeti, lakini kila mmoja uligundua upande wake wa bahari mbinu ileile ya kuhimili jua kali la mchana na baridi kali ya usiku.

Nyanda hizi za juu ni nyumbani kwa Wakichwa wa milimani. Mji wa Otavalo una soko la nguo ambalo Jumamosi hujaa hadi mitaa ya jirani. Wanaume wengi husuka nywele mkia mmoja mrefu, na wanawake huvaa shingoni mizunguko mingi ya shanga za rangi ya dhahabu. Ustadi huu wa kufuma una kumbukumbu chungu. Zama za Wahispania, mababu zao walilazimishwa kufuma katika karakana zilizofanana na magereza. Wajukuu waliichukua kazi ileile wakaifanya mali yao, na leo wafanyabiashara wa Otavalo wanauza vitambaa na kupiga muziki wao hadi Ulaya na Marekani. Mwezi Juni, wakati wa sherehe ya jua iitwayo Inti Raymi, wengi hurudi kucheza ngoma nyumba kwa nyumba.

Chakula cha milimani ni viazi na mahindi. Supu nzito ya viazi iitwayo locro huandaliwa na jibini na parachichi, na kwenye sherehe huchomwa simbilisi, mnyama mdogo anayefugwa jikoni tangu kabla ya Wainka.

Msitu wa mawingu

Ukiondoka Quito kuelekea magharibi, saa mbili hivi za kushuka zinakufikisha Mindo, mita 1,250 juu ya bahari. Hewa ya Pasifiki inapogonga mlima hupoa na kugeuka ukungu, na miti huishi ndani ya wingu. Kila tawi limebeba kuvumwani, kangaga na okidi. Ni katika misitu ya aina hii ya Ekuador na Kolombia ambako wataalamu walimtambulisha olinguito mwaka 2013, mnyama wa oda ya walanyama mwenye manyoya ya rangi ya chungwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichanganywa na jamaa zake.

Karibu na hapo mkulima Ángel Paz alifanya jambo ambalo wataalamu wa ndege hawakulitarajia. Katika shamba la familia yake aliishi antpitta mkubwa, ndege wa chini ya msitu mwenye aibu kiasi kwamba watafutaji wengi walimsikia bila kumwona. Paz alimzoesha taratibu kwa kumletea minyoo, hadi ndege huyo akawa anatoka alipoitwa, akampa jina la Maria. Wageni walianza kuja. Msitu uliosimama ukaanza kulisha familia, nao ukaepuka shoka.

Si kila msitu unaolindwa na mkulima mmoja. Katiba ya Ekuador ya 2008 ilikuwa ya kwanza duniani kutamka kwamba asili yenyewe, iitwayo humo Pachamama, yaani Mama Dunia, ina haki ya kuwepo na kujirudisha katika hali yake. Wengi walidhani ni maneno ya kupamba. Mwishoni mwa 2021 Mahakama ya Katiba iliyatumia maneno hayo kuzuia uchimbaji wa madini katika msitu wa Los Cedros. Agosti 2023 wapiga kura wa Quito nao wakaamua, kwa karibu asilimia 68, kukataza uchimbaji mpya wa madini katika misitu ya Chocó Andino iliyo magharibi mwa mji wao.

Amazonia

Upande wa mashariki barabara hupanda hadi karibu mita 4,000, hushuka kupitia chemchemi za maji moto za Papallacta, kisha huendelea kuteremka kwenye joto. Baada ya mji wa Coca, safari huendelea kwa mtumbwi wa injini juu ya mto Napo, ambao maji yake huishia Amazon. Njia hii ya maji ndiyo aliyoifuata Mhispania Francisco de Orellana mwaka 1541, akatokea Bahari ya Atlantiki mwaka uliofuata.

Kusini mwa Napo iko Hifadhi ya Taifa ya Yasuní, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye karibu hekta milioni moja. Katika hekta moja tu ya msitu wake watafiti wamehesabu aina zaidi ya 600 za miti. Asubuhi makundi ya kasuku hutua kwenye kingo za mto kula udongo wa mfinyanzi, wakitafuta humo chumvi ambayo chakula chao hakina. Ndani ya msitu wanaishi Wawaorani, na vikundi viwili, Watagaeri na Wataromenane, ambao wamechagua kutokukutana na ulimwengu wa nje. Msafiri hatawaona, wala hapaswi kutamani kuwaona.

Chini ya msitu huo kuna mafuta. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa alitoa pendekezo: Ekuador ingeyaacha mafuta ya eneo la Yasuní liitwalo ITT ardhini iwapo mataifa mengine yangechangia dola bilioni 3.6. Fedha zilizokuja hazikukaribia kiasi hicho, na mwaka 2013 serikali ikaacha mpango huo na kuruhusu uchimbaji. Vijana na wanaharakati hawakunyamaza. Baada ya miaka kumi ya kukusanya saini na kwenda mahakamani, kura ya maoni ilipigwa Agosti 2023, na takriban asilimia 59 wakasema mafuta yabaki ardhini. Utekelezaji umekwenda polepole, lakini taifa linalotegemea mafuta liliulizwa lichague, nalo likachagua msitu. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Wawaorani wa mkoa wa Pastaza walishinda kesi dhidi ya mpango wa kugawa ardhi yao kwa kampuni za mafuta. Kiongozi wao, Nemonte Nenquimo, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2020.

Jamii ya Wakichwa wa Añangu, ndani ya Yasuní, ilichagua njia yake. Wenyeji waliacha kuwinda katika eneo lao na kujenga nyumba ya wageni wanayoimiliki na kuiendesha wenyewe. Alfajiri familia huketi kuzunguka moto, hunywa guayusa, majani yachemshwayo yanayoamsha mwili kama kahawa, na husimuliana ndoto za usiku. Mgeni akikaribishwa hapo, kazi yake ni kusikiliza.

Pwani na watoto wa Afrika

Mwaka 1553 meli iliyokuwa ikitoka Panama kwenda Peru iliharibika kwenye pwani ya Esmeraldas. Watu 23 kutoka Afrika waliokuwa wakisafirishwa kama watumwa walikimbilia msituni. Wakachanganyika na wenyeji, na chini ya viongozi kama Alonso de Illescas wakajenga jamii huru ambayo Wahispania walishindwa kuitiisha kwa silaha. Mwaka 1599 mchoraji mwenyeji wa Quito, Andrés Sánchez Gallque, alichora picha ya viongozi watatu wa Esmeraldas, Don Francisco de Arobe na wanawe wawili. Wamevaa kola za kifahari za Kihispania na vipuli vya dhahabu puani, mikuki mkononi. Picha hiyo, iliyopelekwa kwa mfalme wa Hispania, imesalia hadi leo.

Msikilizaji wa Kiswahili akifika Esmeraldas atasikia neno analolijua: marimba. Jina hilo lina asili ya Kibantu. Lilivuka Atlantiki pamoja na waliotekwa, na huku kwetu bado tunalo. Marimba ya Esmeraldas hutengenezwa kwa vibao vya mti wa jamii ya mnazi, huku mianzi ikining'inia chini yake kukuza sauti. Huambatana na ngoma, kayamba na waimbaji wanawake. Muziki huo, pamoja na wa majirani wa Kolombia, umo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2015.

Mezani nako kuna udugu. Encocado ni samaki au kamba aliyepikwa kwa tui la nazi, na supu ya samaki iitwayo encebollado huwekwa muhogo. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini ukaja Afrika na merikebu za Wareno. Ndizi nazo zilitoka Asia, zikapitia Afrika na kufika Amerika, na leo hakuna nchi inayouza nje ndizi nyingi kuliko Ekuador.

Kusini zaidi, kati ya Juni na Septemba, nyangumi wenye nundu huja mbele ya Puerto López kuzaa na kujamiiana. Jirani na hapo ni Montecristi, kunakosukwa kofia ya majani ya toquilla ambayo dunia huiita ya Panama kwa sababu iliuzwa kupitia bandari za huko. Iliyo bora humchukua msukaji miezi. Usukaji wake uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2012.

Galapagos

Kilomita karibu 1,000 kutoka pwani, volkeno zilizozuka baharini zimeunda visiwa ambavyo havikuwahi kuungana na bara. Kilichofika kilipeperushwa au kilielea. Mikondo ya baridi ndiyo iliyomwezesha pengwini kuishi kwenye ikweta. Wapo pia iguana wanaopiga mbizi kula mwani, na mnandi aliyepoteza uwezo wa kuruka. Charles Darwin alikaa hapo wiki tano mwaka 1835. Kaimu gavana alimwambia kuwa anaweza kumtambua kobe ametoka kisiwa gani kwa kutazama gamba lake, na kauli hiyo ilizidi kupata uzito kadiri Darwin alivyoendelea kufikiri.

Mabaharia wa meli za kuvulia nyangumi waliwabeba kobe kwa maelfu kuwa akiba ya nyama, na mbuzi walioachwa visiwani wakamaliza majani. Katika kisiwa cha Española walibaki kobe 14 tu: majike 12 na madume mawili. Walikusanywa katika kituo cha kuwazalisha, akaongezwa dume aitwaye Diego aliyerudishwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego. Uzao wao umepita kobe 2,000, na Juni 2020 Diego na wenzake wakarejeshwa Española. Kisiwa cha Pinta hakikubahatika hivyo. Kobe wake wa mwisho aliyejulikana, aliyeitwa George Mpweke, alifariki Juni 2012 bila mtoto.

Asilimia 97 ya nchi kavu ya Galapagos ni hifadhi ya taifa, iliyoundwa mwaka 1959. Wakazi karibu 30,000 wanaishi katika sehemu iliyobaki. Mgeni hutembea na mwongozaji mwenye leseni, hafiki karibu na mnyama chini ya mita mbili, na habebi hata jiwe. Tangu Agosti 2024 mgeni mtu mzima kutoka nchi nyingi hulipa dola 200 kuingia. Mwaka 2022 nchi iliongeza hifadhi ya bahari ya Hermandad, yenye kilomita za mraba 60,000, kwenye njia ya kasa na papa waendao Costa Rica.

Msafiri na wajibu wake

Fedha ya Ekuador ni dola ya Marekani tangu 2000. Kihispania kidogo kitakufungulia milango mingi. Mwili unahitaji siku mbili au tatu Quito kabla ya kupanda juu zaidi, maji ya kutosha na mwendo wa pole. Anayekwenda Amazonia achanje homa ya manjano na kujikinga na mbu. Visa na masharti ya afya yaulizwe ubalozini mapema. Usalama nao hauna mzaha: tangu Januari 2024 serikali inapambana na magenge ya dawa za kulevya kama katika vita vya ndani, na mikoa ya pwani, ikiwemo Guayas na Esmeraldas, imeumia zaidi. Uliza hali ya kila mkoa kabla ya kufunga mizigo, na kubali kuahirisha.

Kisha kuna swali la fedha yako inaishia kwa nani. Lala katika nyumba inayomilikiwa na jamii, ajiri mwongozaji wa hapo, nunua kofia kwa aliyeisuka. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Nyasi za paramo, miti ya Yasuní na kobe wa Española vyote vingeweza kuwa vimekwisha. Vipo kwa sababu kuna aliyeweka jembe chini, aliyesimama mahakamani, aliyebeba mayai ya kobe kwa mikono miwili. Anayepanda na kushuka ngazi hii ni mgeni wa watu hao, na kwetu mgeni haji mikono mitupu.